Gonga Mara Mbili

Mzee Kinu alikuwa hasikii, na ambaye hakulijua hilo basi alikuwa mgeni pale mtaani. Mashine ya kusaga nafaka ndiyo iliyomla masikio. Aliihudumia tangu ndevu hazijamwota, akashinda ndani ya mngurumo wake mchana kutwa, mpaka siku kinu kilipofungwa akatoka nje, akasimama mlangoni, akangoja dunia irudie kelele zake. Haikurudia. Tangu hapo akawa anasoma midomo ya watu, na aliisoma vizuri, hasa ya wale wanaofungua kinywa wakisema. Wale wa kuongea huku meno yamebanana aliwaita wachoyo wa maneno, akawapa mgongo.

Mkewe aliitwa Sindano. Alikuwa mshonaji, na alikuwa mwembamba, lakini waliowahi kujaribu kumzunguka kwa maneno walijua jina hasa lilitoka wapi. Huyu ndiye aliyekuwa masikio ya mumewe. Mtu akipiga hodi, birika likichemka, mvua ikianza kudondoka juu ya bati, yeye ndiye aliyempa habari. Na habari alimpa nzima. Jirani akimtukana mzee nyuma ya mgongo kwa kudhani tusi halitamfikia, Sindano alimgeuza mumewe, akamtazama usoni, akamfikishia tusi lote bila kulipunguza.

"Mama, mambo mengine si umeze tu?" binti yao alimlaumu siku moja.

"Nimeze kwa nini? Kwani nimetukanwa mimi?"

Wengine wote walimhurumia mzee, na huruma yao ilimchosha kupita kiasi. Walimpigia kelele sikioni. Walimshika mkono kumvusha barabara ambayo alikuwa akiivuka kabla wao hawajazaliwa. Akiuliza kumesemwa nini hata watu wakacheka, wakamjibu, "Si kitu, Baba." Kama kungekuwa na mahakama ya kumshtaki mtu kwa "si kitu," nusu ya mtaa ule ingekuwa ndani.

Lililomwokoa ni gari. Lilikuwa foo-wili la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, rangi ya majivu, lenye tairi la akiba mgongoni na mlango mmoja wa nyuma usiofunguka mpaka ubembelezwe. Alilichukua likiwa limekufa, akalifufua mwenyewe uani, kipande kwa kipande, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuweka mkono wake pale. Kinu kilipofungwa, alipoacha kupokea simu, alipoacha kwenda mikutanoni kwa kuchoka kukodolea watu midomo, gari lilibaki. Chini ya boneti hakuna aliyemwambia "si kitu."

Walilitengeneza wawili, kwa namna yao. Mzee aliinama kwenye injini, Sindano akakaa kiti cha dereva. Boneti ikiwa juu hawakuweza kuonana, na kuita kusingesaidia. Basi Sindano alivaa subana, kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni wasichomwe na sindano, akagonga nayo nguzo ya kioo cha mbele. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya bodi, na pigo lile alilipata mkononi. Mara moja maana yake bado. Mara mbili maana yake tayari. Miaka yote hiyo hawakuhitaji neno la tatu.

Halafu wiki ile gari likaanza kulia. Kila breki ilipokanyagwa mara kadhaa mfululizo, taa mbili ziliwaka kwenye dashibodi, moja nyekundu na moja ya manjano, na alamu ikatoa sauti nyembamba, ndefu, ya kutia ganzi meno. Taa mzee aliziona mwenyewe. Ya alamu aliambiwa na mkewe.

"Breki za gari hii hazisukumwi na mguu," alimweleza, akimchorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti. "Mguu unaomba tu. Hapa pana pampu ya umeme, inajaza nguvu kwenye huu mtungi. Ukikanyaga, nguvu inatoka mtungini kwenda kwenye magurudumu. Sasa mota ya pampu imechoka. Ukikanyaga sana, mtungi unaisha kabla haujajazwa, pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Hapo utaomba mpaka basi."

"Na alamu?"

"Alamu inakwambia mtungi uko chini. Mota ikipona, itaujaza mtungi kabla alamu haijawahi kulia, hutasikia hata mlio. Ikilia moja kwa moja, ni mbovu, na inasema wazi kwamba ni mbovu. Lakini ikilia kidogo halafu ikanyamaza yenyewe, hiyo iogope. Kwenye tambarare utaona gari nzima. Kwenye mteremko inakuzika."

Sindano aliyashika hayo yote. Tuliweke wazi mapema, asije mtu baadaye akamtetea kwamba hakujua. Na mteremko aliujua pia, maana nyumba yao ilikuwa juu kabisa, na njia ya kwenda mjini ilishuka kwa kona juu ya kona, upande mmoja kingo za udongo, upande wa pili korongo ambalo watoto wa shule walishindana kutupia mawe bila kusikia yakifika chini.

Binti yao alikuwa amekuja likizo na mumewe na mtoto wao wa kike, mjukuu pekee, mwenye pengo mbele na maswali yasiyoisha. Mkwe alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa mzigo. Alikuwa wakala wa bima, na watu wa kazi ile huona ajali hata kwenye kikombe cha chai. Asubuhi ya siku yao ya kuondoka, wakiwa mezani, alimwangalia mzee usoni na kufungua kinywa vizuri, kwa heshima, ili asomeke.

"Baba, usinielewe vibaya. Gari ikishindikana leo, niachie mimi. Nitaipeleka gereji ya mjini, wakiimaliza tutatafuta mtu wa kuichukua. Wewe umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

Mzee Kinu aliacha kutafuna. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani katikati ya vikombe.

"Ikinishinda leo, ufunguo huo hapo. Na spana zangu zote beba. Sitafungua boneti tena mpaka naingia kaburini."

"Baba, sikusema hivyo."

"Mimi ndiye nimesema."

Hakuna aliyecheka. Sindano alimjua mumewe, kwamba neno likishamtoka halirudi. Alijua pia ni kitu gani hasa kilichowekwa pale mezani. Mtu aliyeacha simu, akaacha mikutano, akiacha na boneti atabaki na kiti cha kibarazani na watu wa kumwambia "si kitu" mpaka mwisho wa siku zake.

Wakaingia kazini. Mzee alifungua mota ya pampu, akaiweka kwenye gunia safi, akatoa vile vipande viwili vya mkaa mgumu vinavyoingiza umeme ndani yake. Vilikuwa vimelika hadi kubaki kama kucha. Vipya havikuwepo, na yeye hakuwa mtu wa kungoja vipya. Alichukua mkaa wa grenda ya kukatia chuma iliyoungua zamani, mnene zaidi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni akaanza kuunyoa kwa tupa na msasa, akiupima, akiunyoa tena, akiuinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Vidole vikawa vyeusi tititi. Binti alimletea chakula, kikapoa. Akamletea maji, akanywa bila kuangalia glasi.

Alipomaliza kurudisha kila kitu walitoa hewa kwenye mipira ya breki, Sindano akikanyaga na kuachia, yeye akifungua na kufunga nati kwenye magurudumu, mafuta ya breki yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kisha akarudi mbele, akainama, akaweka kiganja juu ya bodi. Sindano akazima swichi, akakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, mtungi umekwisha. Akawasha. Mota ikaanza kunguruma. Taa zikawaka, na alamu ikalia, nyembamba, bila kukoma.

Akagonga mara moja.

Mzee akainama. Akafungua tena, akasugua waya wa ardhini, akakaza. Wakajaribu tena. Alamu ikalia tena. Mara moja. Safari hii alichukua muda kuinuka, akashika goti, akasimama akitazama chini. Kibarazani mkwe alikuwa ametoka, amesimama na mikono mfukoni, na uso wake ulikuwa na huruma tupu. Afadhali angecheka.

Mzee aliingia tena ndani ya injini kwa dakika nyingi. Akarudisha kiganja pale pale.

Kati ya ukingo wa boneti na bodi palikuwa na uwazi mwembamba, na kupitia uwazi ule Sindano aliuona mkono wa mumewe, mkono tu. Kucha nyeusi, mfupa wa kifundo umechubuka. Ulikuwa umelala juu ya bati ukimngoja yeye. Akazima swichi, akakanyaga mpaka pedali ikagoma, akawasha.

Taa zikawaka. Alamu ikalia. Ikalia kwa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi, kuishusha, na kuvuta nyingine. Halafu ikanyamaza yenyewe, na taa zikazimika.

Sindano aliinua kidole chenye subana. Akagonga mara moja, na hiyo ilikuwa kweli. Aliuona mkono ukianza kulegea, ukijikunja taratibu kuondoka kwenye bodi. Na kabla hajajua anafanya nini, akagonga tena.

Mkono ulibaki hewani. Kisha ukapiga bodi kwa nguvu, na mzee akachomoka chini ya boneti na kelele ambayo ni asiyejisikia tu anayeweza kuipiga.

"Imepona!"

Alikuja mbio dirishani, akachungulia dashibodi. Taa zote kimya. Akamshika mkewe kichwa kwa mikono miwili, mafuta na mkaa na yote, akambusu utosini mbele ya mkwe, jambo ambalo kwa watu wa umri wao lilikuwa karibu na kashfa. Mjukuu akapiga makofi. Mkwe alishuka kibarazani, akasimama mbele ya baba mkwe wake, akafungua kinywa vizuri.

"Hongera, Baba. Nisamehe. Nilikosa adabu."

"Umesamehewa. Na leo nawasindikiza mimi mpaka njia panda ya chini. Nyie tangulieni na gari yenu, huyu mchumba wangu anapanda na mimi."

Mchumba ni mjukuu. Alikuwa ameshaanza kuvutana na ule mlango wa kubembelezwa.

Sindano hakuwa amewaza kufika huko. Katika akili yake, kama ilikuwepo akili pale, pigo la pili lilikuwa la kumpa mzee siku moja zaidi. Wageni wangeondoka na gari lao, ufunguo ungerudi mfukoni, kesho wangekaa wawili uani, amwambie polepole, "Mzee, hebu tusikilize tena." Hakuwa ameuona mteremko. Sasa aliuona wote, kona kwa kona, na mtoto mwenye pengo amekaa kiti cha nyuma.

"Mzee, wana safari ndefu," alimwambia. "Waache tu waende. Utawasindikiza siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Gari imepona leo."

"Basi mtoto apande na mama yake."

Mjukuu akaangua kilio cha kuwashangaza hata majirani, na babu, ambaye hakukisikia ila alikiona, akamkunjia pua Sindano. "Unamwonea wivu mke mwenzako?"

"Kichwa kinaniuma," Sindano akasema.

"Kalale. Tukirudi nitakupikia uji."

Wema huo ulikuwa mbaya kuliko yote. Alikimbilia jikoni, akamkuta binti yake anafunga vyombo vya safari. Hapo alikuwa ameamua. Alishafungua mdomo.

"Mama, umemwona Baba?" binti alisema kabla yake, macho yamemlengalenga. "Sijamwona anacheka hivyo tangu kinu kifungwe. Usiku wa jana nilimwambia mume wangu, tukimnyang'anya ile gari tutamuua mzee. Hata yeye hakulala."

Sindano akafunga mdomo. Msimcheke. Uongo mdogo ukishapongezwa na watu wote, kuurudisha ni kazi kubwa kuliko kuutoa. Aliposikia honi nje, akavua aproni, akatoka, akapanda kiti cha mbele. Kama ni kushuka, hawatashuka bila yeye.

Gari la mkwe likatangulia. Mzee akafuata, kiwiko dirishani, akipiga mluzi wimbo ambao yeye mwenyewe hakuusikia. Barabara ya juu ilikuwa tambarare, ikipita kwenye maduka. Mbele ya shule palikuwa na tuta. Akakanyaga breki, gari likatii. Alamu ikalia kidogo, ikanyamaza. Taa zilimeta na kuzimika wakati yeye anampungia mkono kinyozi.

"Bibi," mjukuu akasema kutoka nyuma, "gari inapiga filimbi."

"Nyamaza, mke mwenzangu."

Alimwambia nyamaza mtoto aliyesema kweli. Hilo lilimchoma hata katikati ya hofu yake. Wakafika tuta la pili. Alamu ikalia, na safari hii ikakawia kunyamaza. Mbele maduka yalikwisha, barabara ikainama, na gari la mkwe likapotea kwenye kona ya kwanza.

Sindano akanyoosha kidole na kugonga dashibodi kwa subana. Mara moja. Mzee hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, barabara imejaa mashimo, gari zima linatetemeka, na pigo moja lilizama humo. Akagonga tena, kwa nguvu. Mzee akaingia kona ya kwanza na kukanyaga breki, akakanyaga tena kutokea kona, akakanyaga tena alipoona jiwe. Alamu ikaanza kulia, na sasa haikuwa na haja ya kunyamaza. Jua la mchana lilikuwa limeanguka moja kwa moja juu ya dashibodi, na katika mwanga ule taa mbili zile hazikuwa na maana yoyote.

"Bibi, filimbi!"

Sindano alimshika mumewe mkono, ule uliokuwa juu ya gia, akamgonga kwa subana kwenye mfupa wa kifundo, pale pale palipochubuka. Mara moja. Akangoja. Mara moja. Akangoja. Mara moja.

Mzee alimgeukia. Sindano aliona macho ya mumewe yakishuka kwenye kidole, yakapanda usoni kwake, yakarudi barabarani. Mguu ukakanyaga. Pedali haikushuka.

Sasa ndipo ungejua kwa nini watu walimwita fundi kabla ya kumwita mzee. Hakupiga kelele. Aliiangusha gia ya pili, injini ikanguruma kwa hasira na gari likajivuta. Akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili, mgongo umekaza kwenye kiti, na mguu wa kushoto ukarudi kwenye klachi kwa nafasi ya kuingiza gia ya kwanza tu. Gia zikalia kwa uchungu. Akaanza kuvuta breki ya mkono, si kwa mara moja, kidogo kidogo, huku akisogeza gari upande wa mlima. Mbele kona ilikuwa inakuja, na baada ya kona hapakuonekana kitu isipokuwa anga. Tairi za kushoto zikapanda kingo. Ubavu wa gari ukakwaruza udongo, kioo cha pembeni kikang'oka, vumbi na mizizi vikaingia dirishani kwa Sindano, na gari likajisugua, likajisugua, likasimama limeegemea mlima.

Mzee akazima injini. Akageuka nyuma kabla ya kitu chochote.

"Tena, Babu!" mjukuu akasema, udongo kichwani.

Mzee alimgusa mtoto magoti, mikono, uso. Alipohakikisha, akakaa sawa na kumtazama mkewe.

"Imeanza sasa hivi," mzee akasema. "Siyo?"

Alilisema kama swali, lakini uso wake ulikuwa umeshalijibu. Alikuwa amemfungulia mlango, amesimama kando, anamwomba apite. Neno moja tu lilitakiwa. Mota imekufa njiani, mambo ya vyuma hayo, na mambo yangebaki kama yalivyokuwa. Sindano aliuona mlango ule vizuri sana. Akafungua kinywa wazi, ili asiweze kusomwa vibaya.

"Hapana. Ililia nyumbani."

"Sema tena."

Alikuwa ameelewa mara ya kwanza. Sindano alisema tena.

"Ililia nyumbani. Ikanyamaza yenyewe. Nikagonga mara mbili."

"Kwa nini?"

"Nilikuhurumia."

Mzee aliinamisha kichwa, akabaki anatazama mikono yake. Aliposema, alisema chini chini, yeye ambaye miaka mingi hakuwa amejua kupunguza sauti.

"Mwanangu ananihurumia. Mkwe ananihurumia. Hata kinyozi pale juu ananinyoa kwa huruma. Mimi nilikuwa na mtu mmoja ambaye hanihurumii."

Sindano alitaka kulia na akaona hana haki hiyo, basi akafunga mdomo na kuukaza.

Mkwe alikuja akipanda mlima kwa mbio, shati limechomoka, binti nyuma yake viatu mkononi. Binti alimtoa mtoto kwa dirisha, akamkumbatia, akaanza kulia kwa niaba ya wote. Mkwe hakulaumu mtu. Mzee aliposhuka, yeye aliingia kiti cha dereva, akawasha swichi, akasikiliza, akasema jambo huku ameinamia usukani.

Mzee Kinu hakuuona mdomo wake. Akamgeukia mkewe.

"Anasemaje?"

"Anasema inalia."

Mzee akatikisa kichwa. Akazunguka mbele, akahakikisha boneti imefungwa, akapangusa kiganja kwenye suruali. "Ufunguo huo, mwanangu, umo humo humo," akamwambia mkwe. "Na spana ziko uani, utazifuata."

"Baba, hayo tutaongea baadaye."

"Nilishaongea."

Walikubaliana kwamba mkwe aiteremshe familia yake, kisha atume gari la kuvuta kutoka mjini. Binti alitaka wazazi wapande nao. Mzee alisema atatembea. Nyumbani hapakuwa mbali, na miguu haikuwa na tatizo. Sindano akasema naye atatembea, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Wakapanda mlima kwa miguu. Mzee alitembea kando yake kama kawaida, upande wa barabara, lakini hakuangalia uso wake, na mtu asiyekuangalia uso na hasikii huna pa kumpatia. Sindano alikuwa na maneno tele. Aliyabeba yote kifuani akipanda nayo. Walipita kona ya juu, wakapita mahali barabara inapoanza kulala. Karibu na tuta la shule mzee akasimama. Akamgeukia kabisa, mabega na yote.

"Siku mjukuu huyu anazaliwa," akasema, "mimi na wewe tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Ukanishika paja ukaniambia umemsikia analia. Ukaniambia ana sauti ya kutoboa ukuta."

"Ndiyo."

"Niliwahadithia watu wote hiyo sauti. Mpaka leo nikimwona anafungua mdomo, ninayo kichwani." Akasogea karibu. "Alilia kweli?"

Sindano alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kususiwa chakula cha usiku, kununiwa mwezi mzima, kufanywa kichekesho cha ukoo. Hili hakuwa amejiandaa nalo hata chembe, na likampata mahali ambapo hapana nguo ya kuziba. Machozi aliyokuwa ameyazuia kule chini yakamtoka yenyewe, na yeye akayapangusa haraka kwa viganja vyote viwili, yasije yakaufunika mdomo wake.

"Alilia," akasema, akifungua kinywa mpaka taya zikauma. "Alilia mpaka nesi akatoka nje anacheka. Wallahi alilia."

Mzee Kinu aliutazama mdomo ule kwa muda mrefu, kwa makini, kama alivyozoea kutazama midomo ya watu asiowajua.

"Haya," akasema.

Akaanza tena kutembea, safari hii hatua moja mbele yake, pale ambapo mkewe hangeweza kumwambia neno.